Mikono Kumi na Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 4 Mei

Nimeanza kukisoma upya kile kitabu cha kufanya kazi nyingi kwa muda mfupi. Nimekifuata wiki tatu nzima, na wateja wanne wamehamia kwa Fundi Miwani, mshonaji mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Kitabu hakina kosa. Mwenye kosa ni msomaji, aliyesoma vichwa vya sura tu. Mke wangu kaniuliza magauni sita ya wasindikizaji wa mdogo wake yamefikia wapi, maana harusi ni Jumamosi. Nikamwambia nasoma. Akanitazama kama sindano iliyovunjika, akarudi kutia vifungo.

Jumanne, 5 Mei

Sura ya pili: jifunze kukataa. Kumbe niliielewa vibaya! Mimi nilikuwa nakataa wateja. Asubuhi kaja mama mkwe kuona magauni. Nikamkataa kwa adabu zote: nimemwamkia kwanza, ndipo nikamweleza kwamba muda wa mazungumzo ni saa kumi. Akavuka barabara, akakaa kwa Miwani mpaka saa kumi. Yeye tangu mwanzo alitaka kazi apewe Miwani. Shemeji, bibi harusi mwenyewe, ndiye aliyegoma, akasema hawezi kumruka mtu aliyemshonea sare yake ya kwanza ya shule. Maneno hayo yamenikaa moyoni. Binti yule sitamwaibisha.

Jumatano, 6 Mei

Sura ya tano: kazi zinazofanana zifanywe pamoja. Mara ya kwanza niliiruka, na kumbe siri yote ilikuwa humo. Nimetandika satini mezani, matabaka kumi na mawili, yote upande wa kung'aa juu. Nikachora mkono mmoja kwa chaki, nikakata yote kwa mpigo. Dakika ishirini! Miwani angemaliza kutwa nzima, maskini. Nimeacha mlango wazi ili anione nikipumzika.

Alhamisi, 7 Mei

Mikono yote kumi na miwili ni ya kushoto.

Miaka kumi na tisa ya ufundi. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua kitambaa hukunjwa, ili mkono wa kulia na wa kushoto itoke pamoja. Nimejaribu kuigeuza, ukatokea upande wa ndani, umefifia kama jivu. Satini imekwisha, na dukani wanasema rangi hiyo haipo tena. Nimeingia chini ya meza ya kukatia, nikalia kidogo. Mke wangu kanikuta huko. Kachukua futi shingoni mwangu, akaniambia nikachemshe chai.

Ijumaa, 8 Mei

Mke wangu yuko kwenye cherehani tangu asubuhi. Kila gauni mkono mmoja, bega la kulia wazi. Mikono sita iliyobaki kaigeuza mikanda. Meza ya cherehani ilikuwa inacheza, akatafuta kitu cha kuweka chini ya mguu, akachukua kitabu. Nikamwambia nimefika sura ya saba. Akasema hii ndiyo mara ya kwanza kitabu hicho kusaidia kazi humu ndani. Nimepiga pasi bila kubisha.

Jumapili, 10 Mei

Jana shemeji alipoingia na wale mabinti sita, ukumbi mzima uligeuka. Mama mkwe akapanda juu ya kiti ili aone vizuri. Shemeji akanikumbatia, akasema alijua sitamwangusha. Nikamwonyesha dada yake, nikasema mshukuru huyu.

Leo Miwani mwenyewe kavuka barabara kuuliza mtindo ule nimeutoa wapi. Nikamjibu: sura ya tano. Mke wangu kasikia, akaguna tu. Lakini haki isemwe, bila sura ya tano magauni yangekuwa na mikono miwili miwili kama ya watu wote.

Wanawake watatu wameshaleta vitambaa, wanataka vivyo hivyo. Mmoja anataka mkono wake uwe wa kulia. Si neno. Kesho mke wangu akienda sokoni, natandika vyote vitatu, nakata kwa mpigo.