Gari Letu Halina Kesi

Ndugu Meneja wa Mauzo,

YAH: KUSUKUMWA KUNUNUA DHAMANA YA NYONGEZA

Nakuandikia nikiwa mke wa mtu kwa wiki ya tatu sasa, hali ninayomwombea kila binadamu, hata wewe. Mimi na mume wangu, nuru ya macho yangu, tulinunua gari kwenu. Ni la buluu, na mume wangu akishika usukani mimi hushindwa kutazama barabara. Tatizo ni afisa mauzo wenu, ambaye nyumbani tunamwita Bwana Je-Likiharibika, na karatasi ya dhamana, ati tulipie leo matengenezo ya kesho, anayotaka tuisaini kabla ya Jumamosi. Mume wangu ameanza kuyumba. Naomba uingilie kati, kwa sababu hizi:

1. Neno lenyewe. Katika familia yetu dhamana ilitajwa mara moja tu, siku mjomba alipokamatwa kwa kumpiga mwamuzi wa mpira. Dhamana ni ya mshukiwa. Gari letu limeshtakiwa kwa kosa gani? Na hiyo ya nyongeza ni ya nini, limekata rufaa?

2. Siku ya kukabidhiwa funguo, afisa wenu aliigonga boneti akasema hiki ni chuma cha kweli, hakitatusumbua mpaka tupate wajukuu. Nililia kwa furaha. Tulipokaa mezani, chuma hichohicho kikawa mgonjwa: "Shemeji, haya madude hayatabiriki, leo mazima, kesho mahututi!" Naomba ofisi yako ikae kikao ichague moja. Pia mimi si shemeji yake. Kaka yake simjui wala simtaki, nina wangu.

3. Nimeisoma karatasi yote, hata yale maandishi ya sisimizi kule chini. Dhamana haihusu matairi, breki, betri, mikanda, taa, wala sehemu yoyote inayochakaa kwa kusuguana. Ndugu Meneja, ndani ya gari ni kipi kisichosuguana? Naona mnatudhaminia honi, na yenyewe tusiipige sana.

4. Dhamana inafutika gari likiguswa na fundi asiye wenu. Kwa hiyo likizimika mbali, tukae humo tukimsubiri fundi wenu amalize kuoga? Kukaa na mume wangu ndani ya gari lililozimika si adhabu hata kidogo, ila sitaki mlipwe kwa raha yangu.

5. Hili ndilo linaloniuma. Afisa wenu alimnong'oneza mume wangu kwamba mwanzoni kila kitu ni kitamu, asubiri mwaka wa pili. Mume wangu akanitazama mimi, si gari! Tangu hapo nikikohoa tu ananiuliza kama niko sawa. Kwa akili hiyo, baba yangu naye siku ya harusi angesimama mlangoni na karatasi yake: binti ni mzima kabisa, ila meno, magoti na hasira havihusiki.

Naomba basi karatasi hiyo ichanwe mbele yetu, na afisa wenu aliombe gari radhi kwa sauti, boneti ikiwa wazi ili lisikie vizuri.

Wasalimie wote hapo ofisini, na mlinzi wa getini aliyetupungia mkono, na mkeo, ambaye natumaini hujamkatia dhamana.

Ni mimi, mwenye furaha tele na hasira za kutosha,
Mke wa Mwenye Gari la Buluu

Tanbihi: Mume wangu ameisoma barua hii, akakiri kwamba alishasaini juzi kimya kimya. Nilitaka kumtafuna. Akasema hakuwaza gari. Aliniwaza mimi, nimekwama barabarani peke yangu, mvua inanyesha, naye yuko kazini. Ndugu Meneja, umewahi kuona mwanamume anayependa hivi? Yote ya hapo juu yafute. Na dhamana ndefu zaidi, hata ya miaka mitano, mnayo?