Vita vya Nyuzi Sita Chini ya Sifuri

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wasio nayo wasogezwe! Wekeni chini vikombe, zimeni simu, mpate habari ya vita vilivyopiganwa asubuhi moja juu ya meza ya maabara, ndani ya kimrija chembamba kuliko njiti ya ufagio, pale Fundi Mkono-Tulivu, mwanamke asiyetetemeka ila akiwa na njaa, alipokabiliana uso kwa uso na Barafu.

Ndani ya kimrija hicho mlikuwa na kiinitete kimoja cha ng'ombe, chembe hai chache zilizoshikamana, zote pamoja hazifiki nukta. Kilikuwa cha mwisho. Mama yake, ng'ombe wa shangazi yake Fundi, alikwisha kuzeeka, na maziwa ya ukoo wake ndiyo yaliyomlea Fundi tangu hana meno. Kikigandishwa vyema, kitalala hata miaka ishirini, kisha kipandikizwe kwa ng'ombe mwingine, kizaliwe. Kikiharibika, ukoo ule mtukufu umekwisha.

Na Barafu, jamani, hapigani kwa haki. Akiota ndani ya chembe hugeuka sindano, akaipasua. Basi mbinu ya mafundi ni kumwita mapema, kwa mlango wa mbali: kimrija kikifika nyuzi sita chini ya sifuri, huguswa ncha ya juu kwa kibano kilichochovywa katika maji ya naitrojeni, baridi kupita baridi zote. Barafu huanzia huko, akashuka polepole, akayavuta maji nje ya chembe bila kuvunja nyumba. Ukichelewa, huzuka mwenyewe kwa ghadhabu. Juma lililopita Fundi aligusa katikati badala ya juu, na kiinitete pacha kikapasuka. Alilia siku mbili.

Mashine ikapiga kelele: nyuzi sita!

Fundi akachomoa kibano, kikifuka moshi mweupe, akakiinua juu na kunena: "Ewe Barafu, mpasua kuta, mla watoto wa wenzio! Leo nakuita mimi, nawe utaingia kwa mlango nitakaokuonyesha!"

Shangazi, aliyekuja kushuhudia ndani ya koti jeupe la maabara lililomfika visiginoni, hakukubali kupitwa. "Umsikie vizuri, wewe Barafu! Huyu ni binti wa kaka yangu! Na ng'ombe wangu alimpiga teke daktari wa mifugo akalazwa, sembuse wewe!" Akayataja mateke yote, moja moja, na siku yalipopigwa.

Alipotua kuvuta pumzi, Fundi akagusa. Hakikutokea kitu. Kibano kilikwisha kupata joto.

"Shangazi, umekipasha moto!"

"Mimi? Si wewe ulianza na hotuba zako?"

Fundi akachovya tena. "Ewe Barafu..." Mazoea yana taabu: kabla hajafika kwenye "mpasua kuta", ule moshi ulikuwa umetoweka, na dakika zilikuwa zikienda.

"Shangazi, tunyamaze. Sote."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa."

Shangazi akajijaza ukosi wa koti mdomoni. Fundi akachovya mara ya tatu, akauma mdomo, akagusa ncha ya juu.

Nukta nyeupe ikachomoza, ndogo kama yai la chawa. Ikatulia. Kisha ikaanza kushuka, taratibu, kwa adabu zote. Fundi akaiangalia dakika kumi nzima bila kupepesa, na Shangazi macho yamemtoka, mashavu yamemjaa maneno.

Zaidi ya saa moja baadaye, baada ya kushushwa kidogo kidogo hadi kwenye baridi kali, kimrija kikazamishwa katika pipa la naitrojeni. Fundi akaandika daftarini: "Barafu imeanzia juu." Wakakumbatiana, wakarukaruka, kiti kikaanguka.

"Miaka ishirini, ulisema?" Shangazi akauliza, akifuta machozi.

"Hata zaidi."

"Basi akiamka nami sipo, mwambieni nilinyamaza kwa ajili yake."

Naam, alinyamaza, dakika kumi na ushei! Majirani zake mpaka leo wanakataa kuamini, lakini historia imekwisha kuandikwa, na haifutiki.