Babu Yangu, Bwana Pettifer

Jumapili, 2 Machi 2014

Miaka minne nafungulia watu lango hapa Al Twar, Dubai. Leo Mwingereza wa villa namba saba kanipita bila salamu. Angejua! Mimi ni Austine Pettifer. Marehemu baba aliitwa Pettifer, na hakuna Mbukusu wa kwetu Bungoma anayeitwa Pettifer bure. Babu alikuwa Mwingereza, basi. Na Mkenya mwenye babu aliyezaliwa Uingereza hupewa viza ya kwenda kuishi huko. Nimemweleza Justus, mlinzi mwenzangu, tunayelala chumba kimoja. Amecheka mpaka akapaliwa na chai. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata mtandaoni! Horace Pettifer, daktari wa mifugo, alitumwa Bungoma mwaka 1956. Baba alizaliwa 1956. Ushahidi gani tena? Nimemwandikia mjukuu wake, mama mmoja aitwaye Rebecca, nikamwita dada. Nimeambatanisha picha yangu ya upande, pua ionekane.

Jumanne, 11 Machi

Rebecca amejibu. Kwa adabu, ile ya kukufungia mlango taratibu. Anasema babu yake alikaa Bungoma wiki moja tu, na mkewe hakumwacha hatua. Wiki inatosha. Familia za watu wakubwa ndivyo zilivyo, akitokea mtoto wa nje wote wanakuwa viziwi. Nimempa msimamizi wetu, Umaru, barua ya kuacha kazi. Kaniomba nilale nayo kwanza, nifikiri. Nikamwambia aipeleke ofisini leo leo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia shangazi Teresiah, dada mkubwa wa baba, nimwombe anilie kiapo kwa wakili kuwa baba ni mtoto wa Horace. Akasema, "Yule mzungu alikuja kudunga ng'ombe sindano, Austine. Baba yako akazaliwa siku hiyo hiyo. Kwetu mtoto hupewa jina la mgeni. Hata fahali wa jirani aliitwa Pettifer."

Fahali!

Nimekaa kitandani, simu mkononi. Roho imeniuma, nisijidanganye. Nilitaka siku moja mtu anifungulie mimi lango. Nimekimbilia kwa Umaru kuidai barua yangu. Akasema khalas, yamekwisha, viza yangu ya kazi imeshafutwa, nina siku thelathini za kuondoka Dubai. Langoni wamemweka Justus.

Jumapili, 16 Machi

Justus kaniletea chapati na maharagwe, eti nisilale njaa. Unafiki mtupu. Nimekula zote.

Nimefikiri sana siku hizi tatu. Nilikosea mahali pamoja tu, kuanzia upande wa baba. Babu mzaa mama, niliyemwona kwa macho yangu, mweusi tii, aliitwa Mackintosh. Jina la Kiskoti kama hilo hupewi kwa ajili ya ng'ombe. Asubuhi hii nimeanza barua: Ndugu zangu wapendwa wa Uskoti.