Nafasi ya Tano

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi ukungu. Nimepima upepo wa matairi mara mbili. Habari kubwa: Mkunga ametangaza kwamba Jumapili anaachia uongozi, tuchague mwingine. Macho yake, anasema, hayazioni vizuri taa za breki. Miaka kumi na moja nimeisubiri sentensi hiyo!

Nieleze, maana shajara isiyoeleza ni orodha ya malalamiko tu. Sisi ni wastaafu tisa wenye pikipiki. Kila Jumatano na Jumamosi tunakwenda kwa msafara hadi kituo cha mafuta cha darajani, kisha tunarudi. Hatufuatani kama siafu. Wa kwanza hukaa karibu na mstari wa kati, wa pili hukaa karibu na ukingo, sekunde moja nyuma yake. Wa tatu tena katikati, wa nne ukingoni, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila mtu anabaki na nafasi ya kukwepa shimo, na mwenye gari anatuona sote. Anayeongoza ni Mkunga, aliyestaafu wodi ya wazazi. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Wananiita Futikamba, kwa wivu. Ni wa sita. Wa saba ni shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi cherehani, mtu wa mdomo mwingi.

Tatizo: kanuni inasema kiongozi hutoka katika nafasi tano za mbele. Tatizo la pili: wa tano hayupo.

Alikuwa Mpiga Chapa. Miaka mitatu iliyopita gari dogo lilichomoza kutoka barabara ya pembeni likamgonga, mchana kweupe, kizibao kinang'aa, taa inawaka. Dereva aliapa kwa machozi kwamba hakumwona. Marehemu tulimzika, nafasi yake tukaiacha wazi. Tukisimama tunahesabiana kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kimya cha pumzi moja. Kisha sita! Hiyo sita ni mimi, na kimya kile hunikera kama mbu sikioni.

Mpango: nihamie nafasi ya tano kabla ya Jumapili. Sababu: usalama. Mwanya katikati ya msafara ni karamu kwa madereva wakorofi. Hoja haina tundu!

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika waraka wa kurasa nne, wenye mchoro. Nimempelekea Mkunga kwake, alikuwa anaanika mashuka. Akausoma wote bila kukaa, vibanio mdomoni. Akaniuliza kama kwa miaka mitatu hii nimewahi kuona gari likiingia katika ule mwanya.

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nikakiri kwamba sijawahi.

Hata lile lori la mikate, akasema, linalomchomekea kila mtu? Hata hilo. Akaanika foronya. Akasema madereva wanauheshimu ule mwanya kwa sababu wanaona una mwenyewe. Nikamweleza, kwa upole, kwamba jicho la binadamu hukadiria umbali kwa njia ambazo ningeweza kumchorea. Akasema asante, asichorewe. Kisha akaniuliza swali la ajabu: nikiingia pale, hapa pangu atakaa nani?

Nikamwambia hakuna. Patakuwa patupu.

Hakucheka. Akasema, “Futikamba, baba, nafasi hazipendi kukaa tupu.” Akainua beseni akaingia ndani. Hakukataa, kwa hiyo amekubali.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya! Penye kona ya kiwanda cha matofali nimeangalia vioo, nimegeuza kichwa kuhakikisha, nimewasha indiketa, nimesogea mbele kwa adabu zote. Nafasi ya tano, katikati ya barabara!

Baridi. Si ya upepo. Baridi ya stoo iliyofungwa mwaka mzima. Na sauti ya injini yangu ikawa kama inatoka nyumba ya pili.

Sekunde kumi hazijaisha, pikapu ikawasha indiketa ikaja moja kwa moja juu yangu. Breki! Honi! Dereva hakugeuka, anajikuna sikio. Ikafuata teksi. Kisha lile lori la mikate. Mara tatu kabla ya darajani nimepona chupuchupu. Je, hii si ndiyo ile hatari niliyoieleza ukurasa wa pili? Waraka umethibitika.

Kituoni tukahesabiana. Walipofika nne, nikapaza sauti: Tano! Hakuna aliyegeuka. Wakasubiri ile pumzi yao moja. Kisha nyuma yangu nikasikia kikohozi kidogo, halafu: Sita.

Kikohozi kile ni changu. Hukohoa hivyo kabla ya kila neno la maana, mke wangu husema ni honi yangu. Nimechunguza: kituo kina paa la bati. Mwangwi, basi.

Mhudumu wa mafuta amenipita mara tatu. Huduma zimeshuka sana. Dereva wa lori la mikate alikuwa anamwambia kwamba anatupenda sisi wazee, kumi kamili, hakuna anayeyumba. Watu hawajui kuhesabu siku hizi.

Kisha shemeji akapita kando yangu bila salamu, akaenda nyuma, nikamsikia akimtania mtu: “Shemeji! Leo umetulia kama maji ya mtungi. Tangu asubuhi hujatufundisha hata kitu kimoja, unaumwa?” Wakacheka wote. Nikamjibu mimi, kwamba siumwi, na kwamba niko huku mbele. Hakugeuza shingo. Katika kioo changu niliona kizibao kinachong'aa, mkono mmoja ukimpigapiga shemeji begani. Nikageuka. Pampu ya mafuta ikanizibia, sikuona mtu.

Nyumbani nimefika nikakuta vyombo vimeoshwa, sufuria tupu. Mke wangu anazungumza na dada yake kwenye simu, sauti ya chini, kama anayesimulia muujiza. Anasema leo mzee kala, kanawa, kamwambia asante. Miaka arobaini na miwili, dada! Asante!

Nimekula mkate mkavu. Lazima nimuulize asante hiyo niliitoa saa ngapi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimehamia kulala kwenye kochi la sebuleni. Mgongo. Pia kitanda kilikuwa kimejaa.

Siku ya kampeni. Nimekwenda kwa shemeji kumwomba kura. Alikuwa kwenye cherehani, anapinda suruali. Nimemweleza kwa saa nzima umuhimu wa kiongozi anayejua vipimo: sekunde mbili nyuma ya aliye mbele yako, sekunde nne mvua ikinyesha, kutolipita gari kama msafara mzima hauwezi kupita salama, kutomfokea dereva aliyekosea kwa sababu yeye ana chuma na wewe una mifupa. Hakunikatiza. Shemeji! Hakunikatiza! Alipomaliza pindo akakata uzi kwa meno, akavuta kardigani, akamwambia mkewe afunge mlango, kuna upepo.

Kimya kingi kina mshindo, lakini pia ni ridhaa. Nimeandika: kura moja.

Mchana nimepita dirishani kwetu nikamwona mke wangu amekaa mezani, anacheka, ameshika shavu kama msichana. Mbele yake vikombe viwili. Kiti cha pili sikukiona vizuri kwa sababu ya pazia. Sikuingia. Mtu mwenye busara haingilii mazungumzo ya watu.

Jumamosi, 8 Machi

Msafara wa mwisho kabla ya uchaguzi. Mawingu mazito, barabara imelowa. Nimewahi nafasi ya tano mapema, mtu asije akabadilisha mawazo.

Tumefika ile njia panda. Sote tunapunguza mwendo pale, hakuna anayeagizwa. Kwenye barabara ya pembeni gari dogo limesimama, linasubiri. Dereva ni mama mmoja mwangalifu, akaangalia upande huu, akaangalia upande ule. Akamwacha Mkunga apite. Akawaacha wa pili, wa tatu, wa nne. Akanitazama mimi usoni. Nawaeleza watu kila siku: usiamini kwamba dereva amekuona mpaka macho yenu yakutane. Yalikutana! Ila yeye alikuwa anatazama ukuta wa nyuma yangu.

Akaingia barabarani.

Sijui nilipitaje. Nilijitupa ukingoni, tairi likala mchanga, kioo changu kikakwangua mlango wake. Alisimama ghafla, nadhani kwa sababu ya mkwaruzo, akashuka, akatazama mlango, akatazama barabara, akajishika kifua. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nikamwambia asijali, mama, hutokea. Akapanda garini akaondoka polepole.

Hapo ndipo nilipotazama kioo.

Yule wa sita alikuwa amepunguza mwendo. Mbele yake ameacha sekunde mbili kamili, nafasi ya mtu mmoja na heshima zake. Mkono wake mmoja umeshuka kando ya paja, kiganja kimeelekea nyuma, unapunga taratibu: rudi, rudi huku nyuma. Ishara sahihi kabisa. Nimeifundisha miaka kumi na moja, sijapata kuiona imefanywa safi hivyo. Hakuvaa glovu. Kucha zilikuwa nyeusi mpaka kwenye nyama, kama za mtu aliyeshika wino maisha yake yote.

Ilikuwa rahisi. Kulegeza mkono wa mafuta, kuhesabu moja, mbili, nimesharudi. Pale nafasi ya sita kulikuwa na joto, nalihisi mgongoni kama unapopita mbele ya mlango wa jiko. Nilijua kabisa, bila kujua nimejuaje, kwamba nikirudi yeye ataondoka bila neno, na jioni mke wangu atanigombeza kwa matope ya viatu.

Lakini Jumapili ni kesho! Nirudi wa sita siku moja kabla ya uchaguzi? Mtu aliyesoma hajitoi kwenye orodha kwa hiari yake. Nikatikisa kichwa.

Mkono ukapunga mara ya pili. Nikatikisa tena. Mara ya tatu nikawasha indiketa kuonyesha kwamba naendelea mbele, asante.

Ukarudi kwenye usukani polepole, kama wa mtu anayefunga mlango asimwamshe mgonjwa. Ile nafasi ikajaa. Ikawa baridi mbele na nyuma. Nimewashinda!

Jumapili, 9 Machi

Uchaguzi, uani kwa Mkunga. Viti tisa kwa wajumbe tisa, na vyote vina watu. Mpangilio mbovu. Nimesimama kando ya tangi la maji. Wake na waume wa wajumbe wamekaa kwenye mkeka.

Mkunga akafungua. Akasema anavunja kanuni, wakimruhusu. Kanuni ya watano wa mbele, akasema, iliwekwa ili apatikane mtu mtulivu, na mtu mtulivu kuliko wote wiki hii amekaa nafasi ya sita. Akasema jana njia panda mtu huyo alipunguza mwendo pasipo kuonekana sababu, akauacha msafara upumue, na yeye Mkunga akapata imani. Akakitazama kile kiti cha sita muda mrefu kuliko adabu. Nadhani anajua jambo. Hakulisema.

Shemeji akadakia kwamba yeye ndiye shahidi, ameendesha nyuma ya shemeji yake miaka yote akila moshi na mihadhara, na wiki hii amependa mpaka ule moshi. Kicheko. “Tumpe kabla hajapona!” akasema.

Mikono ikainuka. Yote. Na wangu pia, maana lilikuwa jina langu! Nimechaguliwa! Kwa kauli moja!

Mke wangu alifuta macho kwa upindo wa kitambaa. Akasema kwa sauti, watu wakasikia, kwamba huyu ndiye mume aliyemwomba kwa Mungu akiwa na miaka ishirini, na amemfikia kama barua iliyochelewa posta, lakini amefika.

Kwenye kiti cha sita, kutoka nyuma, niliona kola ya shati langu la buluu. Lilikuwa limepigwa pasi. Likainuka, likakohoa, likasema, “Nashukuru. Twende polepole. Tuonane sote.” Basi! Huo ndio ulikuwa mwisho. Hotuba ya uongozi, maneno matano!

Ilibidi niokoe hali. Mimi nilikuwa na kurasa sita. Nimezisoma zote, pale kwenye tangi, tangu historia ya gurudumu mpaka adabu ya kupishana na malori. Hakuna aliyepiga miayo. Hakuna aliyeondoka mpaka nilipomaliza, ingawa nilipomaliza viti vilikuwa vimeshakunjwa. Hotuba bora kuliko zote nilizowahi kutoa.

Jumatano, 12 Machi

Msafara wa kwanza chini ya uongozi wangu. Kiongozi yuko mbele, anaendesha vizuri, namkubali. Madereva wanampisha, anawainulia mkono, wanamwinulia. Mkunga amehamia nafasi ya sita, nyuma yangu. Anaacha sekunde tatu badala ya mbili, nitamwandikia kuhusu hilo.

Darajani tukahesabiana. Kikohozi, moja. Mbili, tatu, nne. Nikasema tano, kwa nguvu zote. Mkunga akainamisha kichwa kama anayesikiliza tumbo la mja mzito. Shemeji akamuuliza vipi, mama. Akasema hakuna kitu, alidhani amesikia mtu akieleza jambo. Kisha akavua glovu, akafuta macho, akasema sita.

Nimekaa kando ya pampu nikafikiri kwa utaratibu, kama ipasavyo. Mahesabu yangu ni haya. Niko nafasi ya tano kihalali, hakuna aliyepinga. Uchaguzi mwingine ni baada ya miaka mitatu. Wa nne ana goti bovu, nimemwona akishuka kwa kushika tangi, na mvua zikianza huenda akakosa siku moja moja.

Siku hiyo nitasogea.