Maji ya Chumvi kwa Perege

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Thuraya kapiga simu kutoka Mombasa. Anakuja Ijumaa! Mke wangu, ambaye miaka yote hii ndoa yetu imekuwa ya simu, anakuja kuliona bwawa kwa macho yake. Kasema wazi: akiona pana maisha hapa Gobwen, kando ya mto, atawaleta watoto kabla ya Ramadhani. Asipoona, wao wabaki huko, na mimi nibaki na samaki wangu. Sikubisha.

Bwawa halina kasoro. Ndani yake mna mifereji miwili ya saruji, mmoja wa perege, mmoja wa kambare, na wavu katikati. Pampu ya hewa, ya sola, inayazungusha maji bila kupumzika. Perege wamenona. Tatizo ni kwamba ni samaki wa mto! Thuraya ni mzaliwa wa kisiwa cha Chovae. Mama yake akisikia mtu kala samaki wa mto, alikuwa akimpa pole. Nitamwekaje mgeni kama huyo mbele ya sinia linalonuka tope?

Nimepata wazo. Simwambii mtu.

Jumanne, 7 Oktoba

Binamu yangu Bakri, mwenye bwawa la jirani, hawezi kupita hapa bila kuguna. Leo kauliza bajaji ya madumu imeleta nini. Nikasema maji ya kunywa. Kauliza mbona yananuka mwani. Akaonja! Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema mimi mchu wa Ngumi, mtu wa kisiwani, nikipewa bwawa nitalitafutia mawimbi. Kisha akanisihi: nifanye nipendavyo, ila pampu nisiizime, perege watakosa pumzi. Anajifanya mwalimu kwa kuwa alihudhuria semina. Hata mimi nilihudhuria. Somo la pampu ndilo lililonipita, biriani ilikuwa imeshapakuliwa.

Nimemwaga maji yote ya bahari kwenye mfereji wa perege. Nikaonja. Matamu vilevile! Chumvi yote imesukumwa nje. Kosa ni la pampu.

Jumatano, 8 Oktoba

Madumu mengine. Nimezima pampu asubuhi ili chumvi itulie, perege wapate ladha ya kwao Thuraya. Kidogo tu, nikajiambia. Nikaenda mjini kununua mkeka mpya na udi. Kwa kinyozi watu wamejaa. Kahawa. Kila mtu ananipongeza kwa ujio wa mke, ningeondokaje?

Nimerudi alasiri. Perege wanaelea, matumbo juu. Nilisimama ukingoni na mkeka kwapani. Niliwalea tangu wakiwa vifaranga wa ukubwa wa ukucha. Nimelia, na sioni haya kuandika. Kambare hawana habari! Wanakuja juu, wanavuta hewa, wanarudi chini na masharubu yao.

Jumatano hiyohiyo, magharibi

Bakri kaja. Hakucheka. Kasema atanipa perege wake niwatie mferejini mpaka Thuraya aondoke. Nimekataa. Nijionyeshe kwa mke wangu na samaki wa Bakri?

Alhamisi, 9 Oktoba

Majuto. Kulikuwa na perege wadogo wachache walionusurika pembeni. Ila mizoga mingine ilikuwa imezama, inanuka, na mgeni anafika kesho. Nikaona nitoe wavu wa katikati ili kambare waingie, wasafishe. Wamesafisha kweli! Wamemaliza wafu, wakamaliza na wazima. Nilimtuma mtu kwa Bakri kusema nimebadili mawazo. Kajibu perege wake kawauza leo alfajiri, baada ya mimi kukataa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kafika. Kapendeza. Baada ya sala nikamwandalia nguru wa sokoni juu ya mkeka mpya. Kala kidogo, kisha kauliza perege wako wapi. Kasema huko Mombasa anawapika kila wiki, na Fuadi, mwanetu wa mwisho, hali samaki mwingine. Amekuja na viungo vyake mkobani. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kuhusu harufu ya tope. Kasema unakamulia ndimu. Ndimu tu!

Tukaenda bwawani. Bakri, Mungu ambariki, akasema ni joto ndilo lililowaua. Thuraya akainama, akanusa dumu. Mtoto wa kisiwani yule, hana haja ya kuelezwa. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Jumapili, 12 Oktoba

Kaondoka. Watoto wanabaki Mombasa. Kwenye uwanja wa ndege akanishika mkono, akasema Mohdhar, ungeuliza tu. Atakuja tena mwakani kutazama. Nimeapa kwamba kuanzia leo nitauliza. Nyumba imenishinda kuingia, nimekaa nje tangu niliporudi. Bakri kaniletea vifaranga wapya, kaifunga na swichi ya pampu kwa waya nisiiguse. Nimemshukuru kwa moyo wangu wote.

Ila kuna jambo linanikera. Mwanangu, mtoto wa Kibajuni, hajui samaki ila perege! Aibu hiyo ni yangu. Mwakani akija na mama yake ataonja changu wa baharini aliyevuliwa hapa hapa mbele yake. Nimeshampigia nahodha mmoja wa kisiwa cha Chula aniletee changu wazima ndani ya ndoo. Nitawatia mferejini, wazoee maji matamu taratibu. Bakri simuulizi, atacheka tu. Wanafika kesho.