Bibi wa Steji ya Pili

Jumapili, 2 Februari

Sekela amepata ajira. Ualimu, shule ya msingi, Kasulu. Ametutangazia leo kwenye kikundi tukinywa chai. Wote wakapiga makofi. Mimi nikapiga kwa nguvu kuliko wote, nikijua kabisa kwamba naupigia makofi msiba wangu mwenyewe. Anaondoka Jumatano ya wiki ijayo.

Kasulu! Nimetazama ramani. Kuna Mbeya, kuna Sumbawanga, kuna Mpanda, halafu bado.

Kikundi chetu ni mimi, Sekela, Zuber na dada yake Rukia. Kila Jumapili mimi na Sekela tukitoka kanisani tunawakuta kwenye chumba cha cherehani cha Rukia, Msasani ya huku kwetu, si ile ya pwani, na tunaonyeshana gemu tulizotengeneza wenyewe. Gemu ndogo, za mtindo wa zamani, watu wa viboksi wanaoruka na kuanguka. Hakuna anayetulipa. Mama anaamini ni kikundi cha maombi, na sijaona haja ya kumsahihisha.

Milio anatengeneza Sekela, kwa mdomo wake na simu. Ninao mlio wake wa mtu anayetumbukia shimoni. Nausikiliza nikiwa peke yangu, najisikia vizuri, halafu najisikia vibaya.

Sheria ya kikundi ni moja: mwenye gemu haongei. Unampa mwenzako kompyuta, unakaa kimya, anacheza. Akikwama, akwame. Gemu ikishatoka kwako hutakuwa begani kwa kila mchezaji ukimwelekeza. Sheria hii aliileta Zuber, na kama vitu vyote anavyoleta Zuber, ni nzuri na inaniudhi.

Nampenda Sekela. Sijamwambia. Nimejaribu, lakini kila nikifungua mdomo linatoka jambo kuhusu betri. Leo nimepata mpango. Nitamtengenezea gemu, na mwisho kabisa nitaweka maneno yenyewe. Atacheza, atafika, atasoma. Sijui kwa nini watu wengine wanahangaika kuongea.

Jumanne, 4 Februari

Kazini, duka la kutoa kopi, Makandana. Mvua. Wateja wachache, kazi ya maana imesonga. Nimepata kijana wa viboksi, buti za mvua miguuni, mkungu wa ndizi begani. Anatoka bondeni, anapanda matope, anafika kwenye nyumba ya bati jekundu. Mlango unafunguka. Anatoka dada mwenye kilemba cha njano. Maneno yanatokea: "Sekela, usiende."

Nikayafuta. Ni uchoyo. Amekaa nyumbani miaka akingoja hiyo ajira, akifundisha tuisheni watoto wa majirani. Nikaandika: "Sekela, nenda, ila ujue nakupenda." Nikayatazama maneno yale mpaka mteja akauliza kama cheti chake kimekwama kwenye mashine. Kilikuwa kimekwama.

Picha anachora Rukia. Anadarizi vitambaa vya makochi, kwa hiyo viboksi ndiyo kazi yake tangu utotoni. Nilimwomba dada yeyote tu, asiyefanana na mtu. Kaniletea Sekela yuleyule, mpaka anavyosimama mkono kiunoni. Nikamwambia safi, hafanani na mtu. Rukia akakubali kwamba hafanani na mtu hata kidogo, akarudi kwenye cherehani akichekea puani.

Gemu ya Zuber ya fundi simu anayepigana na mende inazidi kushushwa mtandaoni. Mtu wa Brazili kamwandikia kuisifu. Gemu yangu ya mwisho ilishushwa mara moja, na mimi. Nilikuwa najaribu kama inashuka.

Ijumaa, 7 Februari

Leo nimejipongeza. Steji ya pili imekamilika, na hii Brazili hawaiwezi. Njiani kuna bibi watatu wanatoka sokoni. Ukimpita mmojawapo bila kumwamkia, unarudishwa bondeni. Unabonyeza batani, kijana anatua mkungu, anachuchumaa, anaamkia. Bibi anaitika na kuuliza habari.

Maneno ya bibi nimeyatoa kwa Mama. Nilimfuatilia alipokuwa akisalimiana na jirani uani. Za nyumbani? Ndaga, ndiyo ahsante ya kwetu. Za watoto? Ndaga. Za ng'ombe, za mvua, za yule mgonjwa wenu. Ndaga, ndaga. Halafu, sijui kwa nini, za nyumbani tena. Nimeingiza vyote kama vilivyo. Mama akaniuliza naandika nini. Nikasema maombi. Akaniongezea parachichi.

Nimecheza mwenyewe hadi mwisho bila shida. Mimi nikishaamkia naondoka zangu, maana najua bibi atasema nini.

Jumapili, 9 Februari

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Sekela alikaa kwenye kompyuta. Mimi nyuma yake, kimya kwa mujibu wa sheria. Steji ya kwanza akaimaliza huku akicheka matope. Steji ya pili akakutana na bibi wa kwanza. Akatua mkungu, akachuchumaa, akaamkia. Bibi akaanza. Za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Sekela akangoja. Za mvua, za mgonjwa. Akangoja. Za nyumbani tena. Akangoja tena, mikono mapajani, kama mtoto wa mwalimu wa shule ya Jumapili alivyo.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Bibi hana mwisho. Akimaliza anaanza upya. Mtu asiye na adabu anaondoka katikati ya maneno na gemu inaendelea. Sekela haondoki. Hata kwa bibi wa viboksi haondoki. Nilitaka kumwambia anyanyuke aende, mlango uko karibu, nyuma ya mlango niko mimi. Nikang'ata kidole. Rukia alishona suruali nzima bibi akiuliza habari za ng'ombe.

Mwishowe Sekela akasema hawezi kumwacha mtu mzima anaongea, akampisha Zuber. Zuber akaamkia akaondoka, akaamkia akaondoka, bibi wote watatu. Akaingia steji ya tatu. Akaliona bati jekundu. Nikaona kabisa kwamba maneno ya moyo wangu yatasomwa na Zuber kwa sauti, maana huwa anasoma kwa sauti. Nikajifanya nimepaliwa na chai, nikajikwaa kwa makusudi, nikaondoka na waya wa umeme.

Kompyuta ya Zuber haina betri. Imezima. Na gemu mpya aliyokuwa ameiacha wazi, kazi ya wiki nzima, imepotea. Zuber akatazama kioo cheusi. Akaniuliza kama nimeumia. Akanipigapiga mgongo, akasema, "Pole mwanangu, hivi vitu vinapotea tu, nitaandika upya." Kuna watu wana roho mbaya kiasi kwamba hata kukugombeza hawakugombezi.

Jumatatu, 10 Februari

Zuber kapiga simu, kajitolea kunirekebishia bibi. Nikakataa. Akiingia ndani ya gemu ataona mlango. Nimerekebisha mwenyewe. Sasa bibi akishauliza habari za mgonjwa anasema haya baba, nenda salama, anapita. Nimepata machozi kidogo alipopita.

Nikamtumia Sekela gemu kwenye simu, nikamwomba acheze kabla ya Jumatano. Jioni akajibu. Kamaliza na bibi wa kwanza, kamfurahia sana. Sasa yuko na bibi wa pili, anayemuuliza habari za nyumbani kwa mara ya sita.

Nilirekebisha mmoja. Wengine wawili nilisahau.

Jumatano, 12 Februari

Stendi, asubuhi, ukungu. Nilimpelekea chane mbili za ndizi na bibi wawili waliorekebishwa kwenye simu. Mama akaja pia, maana anasali na mama yake Sekela. Akamkuta Zuber akipakia mabegi. Akamshukuru kwa kulitunza kundi letu la maombi, akamwombea hapo hapo. Zuber akaitikia amina bila kusita, akanitazama, na hakusema kitu. Namchukia.

Wazazi walipoanza kusalimiana, Sekela akanivuta pembeni. Alikuwa na kilemba kile cha njano. Akaniuliza pale mwisho kuna nini. Nikamwambia atafika tu, nimeshawatengeneza wale bibi. Akasema, "Asajile, basi linaondoka. Huwezi kuniambia hapa hapa?" Alikuwa ananitazama usoni kabisa. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo, na sidhani kama nitapata mwingine. Maneno yalikuwa yamefika hapa, kooni.

Nikamwambia mwenye gemu haongei. Tena nikatabasamu, kama mtu aliyesema jambo la akili.

Akasema haya. Zuber akaja, akampa mkono, akamwambia waziwazi kwamba atammisi sana, na kwamba Jumapili bila yeye hazitakuwa Jumapili. Maneno rahisi kabisa, yeyote angeweza kuyasema. Sekela akalia. Alilia kwa maneno ya Zuber! Zuber ana mchumba kule Mwakaleli na wamekwisha kutajiana tarehe, kwa hiyo hata wivu sina pa kuuweka.

Basi limeondoka. Nimerudi nyumbani na ndizi zangu. Nilisahau kumpa.

Jumapili, 23 Februari

Nilidhani sitaenda kikundini. Nimeenda. Kiti chake Rukia ameweka vitambaa juu yake, pengine kwa makusudi, ili pasionekane patupu. Zuber ameandika upya gemu yake na imekuwa bora kuliko ya kwanza. Akaomba tumtolee mlio wowote wa kufungua sanduku. Tulikuwa tunajaribu milio kwa midomo yetu, wote watatu, na tulikuwa wabovu sana. Tukacheka, halafu tukaacha kucheka pamoja, kwa wakati mmoja. Nikatoka nje nikajifanya naangalia mvua. Namkosa mpaka nasikia njaa.

Jumamosi, 1 Machi

Ujumbe kutoka Kasulu! Ameripoti, ana darasa la pili, watoto wengi, madawati machache. Mtandao haushiki mpaka apande kilima nyuma ya shule. Simu yake ilizimika safarini, gemu ikafutika, na kule haishuki. Kwa hiyo hakufika mlangoni. Lakini kesho alasiri atapanda kilima anipigie, na anaomba nimwambie kwa mdomo tu kilichokuwa pale mwisho. Kaandika: "Nimekuwa nikikiwaza." Nimeusoma ujumbe huu kazini, nyumbani, na bafuni. Nimemsomea hata mteja mmoja, mzee aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Akasema kama ni yeye angesema.

Kesho nitasema. Maneno matano. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya mashine ya kopi na hayakukwama.

Jumapili, 2 Machi

Kapiga. Sauti yake ileile, imechoka kwa kupanda. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia nzuri. Akaniuliza habari za Mama, za kikundi, za mvua. Nikajibu zote vizuri. Kisha akasema haya, niambie.

Nikafungua mdomo. Nikamwambia kwamba simu yake ikizimika hovyo hivyo, tatizo litakuwa betri.

Nikasikia upepo wa huko, na mtoto akiita mwalimu, mwalimu, kwa mbali. Akauliza kama ni hilo tu. Nikasema ndiyo, na asiichaji usiku kucha. Akasema ahsante Asajile. Alikaa kidogo kabla ya kukata. Nami nilikaa na simu sikioni baada ya kukata, nikasikiliza pale alipokuwa.

Nililia, sitaficha. Halafu nikanawa uso nikafikiri kama mtu mzima, na nimeona kosa lilipokuwa. Mlango uliwekwa mbali mno! Mtu anayepata mtandao juu ya kilima tu hana muda wa steji tatu. Nimeshaanza gemu mpya, nyepesi, inayoweza kushuka hata Kasulu. Rukia anachora basi. Itakuwa tayari Pasaka, au muda mfupi baada yake. Na safari hii maneno sitayaweka mwishoni. Nitayaweka mwanzoni kabisa, ila kwa mafumbo, asije akaelewa haraka.