Dua ya Mkuu wa Mkoa Haina Rufaa

Idara ya Kumbukumbu za Jamii ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani, kwamba mtaa wa Anorzor sasa utaanza kukumbukwa rasmi. Kabla ya hapo wakazi walikuwa wanakumbuka ovyo ovyo, kila mtu na lake, bila mwongozo wala msimamizi. Aibu tupu.

Kazi hiyo alikabidhiwa Naibu Mkurugenzi Mirsoatov, mwanahistoria wa umma aliyetumwa kutoka mji mkuu, Tashkent, akiwa na tai ya kijani shingoni. Aliupenda mtaa ule kwa dhati. Zaidi ya yote aliipenda nyumba ya chai ya Bi Hosiyat, pale ukingoni mwa mfereji, ambako watu wa Anorzor wameposa, wamegombana na kupatanishwa tangu enzi za babu zao. Ndiyo maana akaamua ibomolewe.

"Kwa kosa gani?" aliuliza Bi Hosiyat, birika mkononi.

"Si kosa, mama, ni heshima. Tunajenga Kituo cha Kumbukumbu ya Nyumba ya Chai."

"Si nyumba yenyewe hii hapa, umekaa ndani yake!"

"Hapo ndipo penye tatizo la kitaalamu," alisema Mirsoatov kwa upole. "Kitu kikiwepo, kitakumbukwaje? Watu wanakiona tu. Juzi niliwahoji wateja wako, mnakumbuka nini kuhusu mahali hapa? Wakanijibu, 'Ongeza chai.' Sasa hiyo ni kumbukumbu?"

Turob kinyozi, aliyekuwa anamega mkate pembeni, akadakia, "Na huko kituoni chai itakuwepo, bosi?"

"Kutakuwa na picha ya chai. Kubwa."

"Haya. Tutailamba."

Bi Hosiyat hakucheka. Nyumba ile ndiyo pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe, na hakuwa na pengine pa kushika. Nje, tingatinga lilikuwa limeshaegeshwa. "Basi hakuna pa kukata rufaa?" aliuliza.

"Mpaka Alhamisi. Alfajiri hiyo Mkuu wa Mkoa mwenyewe anakuja kula pilau ya kumbukumbu, kisha ataiombea nyumba dua ya kuiaga. Akishainua mikono, basi, imekwisha. Dua ya Mkuu wa Mkoa haina rufaa. Kifungu hicho nilikiandika mimi."

"Kwa hiyo anayeombewa na Mkuu, kiserikali hayupo tena?"

"Hayupo kabisa, mama. Hata ukimwona."

"Ahsante, mwanangu, umenifungua macho." Akamjazia chai mpaka pomoni. Huko kwao mgeni anayeheshimiwa hutiliwa nusu bakuli. Ukijaziwa, maana yake nyanyuka uende zako. Mirsoatov, aliyezisoma desturi zote vitabuni, aliona ni ukarimu tu umezidi. Akanywa lote.

Alhamisi alichelewa. Alikuwa anairekebisha hotuba yake, nayo haikukubali kuwa fupi. Alipofika aliwakuta wanaume wa mtaa wamesimama mlangoni kwa safu, majoho yamefungwa vitambaa kiunoni, kama wanavyosimama wafiwa. Akafurahi sana. Kumbe watu hawa wanaweza kuihuzunikia nyumba kwa utaratibu!

Ndani, Mkuu wa Mkoa alikuwa ameshashiba, midomo inang'aa mafuta ya kondoo. Mwaliko wake ulisema 'pilau ya kumbukumbu' tu, na mlangoni alikuwa amepokewa na safu ya wafiwa. Na kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri Anorzor, hakuwa ameuliza nani kafa. Kwenye pilau hayo hayaulizwi. Unakula, unaomba, unakwenda zako. Aliinama tu kwa Turob apate jina la kuliingiza kwenye dua.

"Mirsoatov, mheshimiwa," Turob alinong'ona, machozi ya vitunguu yakimtiririka.

"Mirsoatov wetu? Jamani! Si juzi tu nilikuwa naye?"

"Ndivyo wanavyotutoka, mheshimiwa. Kazi ilimmaliza."

Mkuu wa Mkoa akainua mikono, mtaa mzima ukainua. Akamwombea kwa majina yake yote matatu, akapangusa uso kwa viganja, watu wakaitikia amina. Hapo ndipo Mirsoatov alipoingia akihema, hotuba kwapani.

Mkuu wa Mkoa alimtazama, kisha akavitazama viganja vyake. Alikuwa amekifikia cheo kile bila kukosea hata mara moja, na hakuona sababu ya kuanzia kwenye pilau.

"Mheshimiwa, ni mimi!"

"Nakukumbuka," alisema Mkuu wa Mkoa kwa huruma.

"Lakini nipo hapa!"

Mkuu akamgeukia msaidizi wake. "Kifungu kinasemaje?"

"Kwamba hayupo, mheshimiwa. Hata ukimwona."

"Alikiandika nani?"

"Marehemu."

"Alikuwa makini sana, marehemu." Akasimama, akakung'uta joho. "Tingatinga liondoke. Mtu kama huyu lazima akumbukwe, na atakumbukwa hapa hapa alipokunywa chai yake ya mwisho. Nyumba hii isiguswe."

Wakazi wakampa Mkuu mkono wa pole, wakamsindikiza mpaka kwenye gari. Mirsoatov akabaki kwenye benchi. Alitamani kulia. Halafu njaa ikamuuma. Tangu jana yake hakuwa ametia kitu tumboni.

"Mama," alisema kinyonge, "basi nipakulie hata ukoko."

Bi Hosiyat aliichungulia sufuria. Pilau ilikuwepo, sahani nzima na nyama juu. Akaifunika.

"Pilau ya marehemu, mwanangu, marehemu mwenyewe hali."

Akachukua birika, akamtilia chai, bakuli likajaa mpaka likamwagika. Safari hii Mirsoatov alielewa.